Unga wa Vidonge Kwenye Kidonda Chako

Wifi Rehema,

Nimefungua daftari langu la mwaka ule, lile ulilokuwa ukilicheka: "Wewe wifi, hata mbuzi akikohoa utaandika tarehe!" Nilikuwa natafuta jambo moja. Nimelipata, na sasa sijui nilifanyeje.

Jumatatu: umejikata mguu kwa jembe tukipalilia mpunga. Jumanne: nimekuletea vidonge vya rangi mbili vilivyobaki nilipong'olewa jino. Viwili umemeza, kimoja nimekifungua nikamwaga unga wake juu ya kidonda, kama tufanyavyo sote huku. Ijumaa: kidonda kimekauka, vilivyosalia tumempa jirani. Nimeandika kwa mwandiko mzuri kabisa, kama mtu aliyefanya kazi njema.

Mwezi haujaisha, mguu ukavimba. Hospitali ya Garsen wakakulaza, wakabadilisha dawa, wakabadilisha tena. Daktari akasema bakteria wa kidonda chako ni sugu, hakuna dawa aliyokuwa nayo iliyowaweza. Uliniuliza nani anafukuza ndege kwenye mpunga wako. Ni mimi, wifi. Nilifukuza mpaka tukavuna, na wewe hukuwepo.

Sasa watafiti wamekuja kwenye zahanati yetu. Wanatengeneza chanjo ya bakteria kama wale, ili mwili ujifunze kupigana nao mapema, kabla ya kuhitaji dawa. Wanatafuta watu wazima wa kujitolea. Wengine watapata chanjo, wengine sindano isiyo na chanjo, na hakuna atakayejua alipata ipi mpaka mwisho. Kama itafanya kazi, hata wao hawajui. Nimeuliza mara tatu. Mtu anakubalije jambo ambalo mwenyewe aliyelileta bado analiuliza?

Nikamuuliza muuguzi wao kuhusu vidonge vyetu. Akasema huenda vilichangia, huenda bakteria walikuingia wakiwa sugu tayari. Huenda. Afadhali angenigombeza.

Kaka yako hataki nichanjwe. "Hospitali imemla dada yangu, leo wanamtaka na mke wangu?" Tangu tukuzike hajakanyaga hospitali. Juzi alidungwa na mwiba, mguu umefura, na amekataa kwenda. Anawalaumu wao kwa sababu habari ya vidonge haijui. Wewe hukumwambia, nami nimenyamaza. Nikisema, nyumba hii itakuwaje? Nisiposema, yeye je?

Nimeandika na kufuta. Chanjo bado sijaiamua, kichwa hakitulii. Lakini mguu wake hauwezi kungoja kichwa changu.

Kesho akirudi kutoka shambani nitamwambia: dawa ya kwanza niliileta mimi. Akasirike. Kisha nitamwomba twende zahanati.

Pumzika, wifi yangu. Msamaha sikuombi leo, kwa kuwa kosa lenyewe sijui ukubwa wake. Ila nakuahidi, kaka yako hatakufuata kwa sababu ya kunyamaza kwangu.

Wifi yako,
Agnes