Kamba ya Manila

Mama, shikamoo.

Nashukuru mguu wa kaka Mihayo unaunga. Kile kipande cha kamba iliyokatika akaanguka shimoni tulikiyeyusha hapa maabara, tukakipitisha kwenye mashine. Minyororo isiyoonekana inayounda plastiki hutoka humo kwa zamu, mirefu kwanza, mifupi baadaye. Ya kamba yake karibu yote ilichelewa; kisu kingeiacha mirefu. Jua ndilo lililoikatakata, si kisu cha Sostenes. Wanaomtuhumu wamwombe radhi, arudi Segese.

Nakumbuka ulivyokuwa ukiiosha matope na kuianika juu ya bati, mwanao asishuke na kamba chafu. Nani angejua? Wakikuuliza, sema ilichakaa tu.

Hii mpya niliyotuma ikichafuka, Mama, iache hivyohivyo, kivulini.

Mwanao,
Paskalina