Skafu ya Mama Brenda

Jumanne

Daktari hata hakunilaumu. Afadhali angenilaumu.

Mke wangu ana goita ya miaka mingi, ile ya kinga ya mwili kujipiga yenyewe hapo kwa tezi ya shingo. Kwa hivyo uvimbe ingine ilipotokea chini ya sikio, nilimwambia, "Ni ile ile tu, meza dawa." Wamama wa kanisa Uthiru wakaanza kumuuliza kama nyumbani hatuweki chumvi kwa chakula, eti kukosa chumvi ndiyo huleta goita. Niliona aibu, nikamnunulia skafu pale maduka ya Adams afunike shingo.

Leo tumeambiwa ni kansa ya hiyo tezi ya goita, na imetembea mpaka tezi ndogo za shingoni. Nikauliza kama ni goita imeieneza. Daktari akasema hapana, mara nyingi kwa watu wa hiyo goita kansa husambaa kidogo kuliko kwa wengine, kwa sababu ile kinga inaipiga pia. "Bado inatibika. Lakini mngekuja mapema, operesheni ingekuwa ndogo."

Kumbe mwili yake ilikuwa inapigana peke yake, na mimi niko hapo namfunga skafu.

Tukitoka nikamshikia skafu avae. Akakataa.

"Wacha waone, Baba Brenda. Pengine mtu angeniambia niende hospitali."

Hakusema kwa hasira. Hiyo ndiyo...

Skafu iko kwa mfuko ya koti yangu. Nashindwa kuitoa.