Bolti Nne kwenye Udongo wa Kichuguu

Jumatatu, 9 Novemba 1981
Chai bila sukari tena. Siku ya tatu kilimani, magharibi ya Geita. Mtambo wa kuchoronga bado uko kwenye lori. Utatoboa mwamba na kutoa vipande virefu vya jiwe, wataalamu waone kama kuna dhahabu. Kwanza ufungwe kwa bolti nne kwenye sakafu ya zege. Saruji iliyoombwa: mifuko sita. Iliyofika: mmoja. Msimamizi, Ndugu Bakari wa Ngokolo, Shinyanga, ameuzunguka mara mbili.

Njia ameitoa fundi wa mtambo, Baba Shija. Kwao Mhunze sakafu ni ya udongo wa kichuguu. "Ng'ombe wanaikanyaga miaka kumi, haipasuki. Huu mtambo una kwato?" Wamecheka wote. Mimi pia.

Alhamisi, 12 Novemba
Sakafu imekauka. Saruji kidogo, kichuguu kingi. Bakari ameigonga kwa nyundo, imelia kama jiwe. Bolti zimekazwa. Mtambo umewashwa dakika kumi, bila maji, kwa kuwa pampu haijafika. Haukutikisika.

Nimeshuka posta Geita kulisomea gazeti langu habari kwa simu. Sentensi yangu ya kwanza: Mtambo umefungwa imara.

Jumatatu, 16 Novemba
Pampu imefika. Maji hupoza meno ya mtambo, kisha hurudi juu na kutapakaa sakafuni. Kutwa nzima yametiririka.

Saa tisa kalamu imeniponyoka. Imesimama wima sakafuni, nibu yote ndani. Nimemwita Bakari. Ameichomoa, akaifuta kwa shati lake, akanirudishia.

"Ndugu Mwandishi, gazeti limefika leo. Mkubwa wangu wa Shinyanga amelisoma, amefurahi. Umeandika imara. Sasa nimwambie nini, kwamba mwandishi alikuwa amelewa?"

Baba Shija alikuwa anasikia. "Tumalize bomba hili la kuchorongea na lile la kesho. Halafu tutatazama."

Nimeirudisha kalamu mfukoni. Haikuwa busara. Ilikuwa uvivu.

Jumanne, 17 Novemba
Saa nne na robo asubuhi. Bolti ya nyuma, kulia, imeng'oka. Nzima, na donge la tope mwishoni, kama muhogo. Mtambo umeinuka, umegeuka, umembana Baba Shija mguu wa kushoto. Bakari akazima injini. Sekunde tatu, labda nne. Mfupa ulionekana.

Hakupiga kelele. Alisema, "Kofia yangu." Nikaitafuta, nikamvisha.

Lori hadi hospitali. Daktari hakuahidi kitu. Naogopa atakatwa mguu. Ana watoto sita na jembe la ng'ombe.

Alhamisi, 19 Novemba
Nimepiga simu kutoa masahihisho. Mhariri: habari hiyo imeshapita. Nimemwambia haijapita, imelala wodini. Akakata.

Nimekwenda wodini.
"Shikamoo, Baba Shija."
"Marahaba. Usinitazame hivyo. Kichuguu kilikuwa changu."
"Na kalamu ilikuwa yangu."
Amecheka, akaumia, akaacha. "Wabeja kwa kofia," akasema. Asante yao hiyo. Sikustahili.

Mguu bado upo. Una joto, damu inafika.

Jumatatu, 23 Novemba
Saruji imefika. Mifuko sita. Hakuna aliyeiomba upya.

Bakari amebomoa sakafu kwa mikono yake, amechimba hadi mwamba wenyewe. Futi mbili tu. Zilikuwa futi mbili tu.

Jumapili, 29 Novemba
Mguu wa Baba Shija umebaki. Goti halitakunjika tena. Amelipokea hilo vizuri kuliko mimi.

Bolti mpya ni ndefu. Matundu manne ndani ya mwamba, saruji safi, siku tano za kukauka. Nati zimekazwa kwa mshazari, kila moja na mwenzake wa mkabala. Bakari amefunga mnyororo kwenye kila bolti na kuivuta kwa lori. Hakuna iliyosogea. Kisha amenipa ndoo ya maji.

Nimeyamwaga kwenye saruji, yailoweshe. Nimekaa juu ya jiwe saa nzima, Bakari kando yangu. Hakuna aliyewasha injini. Kisha nimeinama na kuchomeka kalamu kwa nguvu, pembeni ya kila bolti.

Ya kwanza, haikuingia. Ya pili, hapana. Ya tatu, hapana. Ya nne, nibu imepinda.

Naandika haya kwa penseli.