Mita Sitini za Bi Kadija

Jumatatu, 8 Septemba 2025

Semina kijiji cha jirani, chini ya turubai. Joyce, mtaalamu wetu kutoka wilayani, kamwaga maji juu ya lundo la mchanga kuonyesha ukingo wa mto unavyobomoka. Mzee mmoja akauliza kama hayo maji yanabaki, maana ana kiu.

Zamu yangu. Nasema yale yale: tusilime ndani ya mita sitini kutoka ukingoni. Tukikata miti ya kando, udongo unaingia mtoni, mto unajaa mchanga, masika unajitafutia njia nyingine. Halafu nasema: masika ya mwaka jana njia yenyewe ilipita kwetu Miteja, ukamchukua mume wangu, Issa. Hapo wanawake wanalia. Daima hapo hapo. Mimi naangalia kama soda zimefika.

Jumuiya ya watumia maji ilinichagua kuwa mwelimishaji kwa sababu nina uchungu wa kutosha — maneno ya mwenyekiti, Abdulatifu. Sina. Nina fulana mbili na kipaza sauti cha mkononi.

Jumatano, 10 Septemba

Kikao. Abdulatifu kasema elimu imetosha, sasa matendo. Shamba la kwanza kuachwa liwe la mfano. Wote wakaangalia meza. Kisha wakaniangalia mimi.

Ni shamba la mama mkwe wangu, Bi Kadija. Bamia, majimbi, migomba. Migomba aliipanda Issa. Yote ndani ya mita sitini, na ndiyo tunayokula, mimi na yeye. Nikauliza atalima wapi. Kule juu, kwenye mawe. Nikauliza kama kule kuna maji. Nikaambiwa ni swali zuri. Tukaendelea.

Joyce: "Dada Fauzia, wewe ndiye utamweleza vizuri." Nikasema kwetu mkaza mwana hamwambii mama mkwe toka shambani. Wenyeji wote wakatikisa vichwa — kweli kabisa. Basi atumwe mtani! Sisi Wamatumbi, Mngindo anaweza kututukana mchana kweupe na hakuna wa kununa. Akatajwa Shaaban, Mngindo wa hapa kijijini. Hata mimi niliona ni akili.

Ijumaa, 12 Septemba

Shaaban kaja baada ya swala, kamati nyuma yake kama maharusi. Akaanzia njiani.

"Nyie Wamatumbi! Mto umewalia mtu, bado mnaupandia ndizi! Mnataka aliwe na kitoweo?"

Nilidhani ataanguka mtu. Bi Kadija akacheka. Akacheka mpaka akafuta macho kwa upindo wa kanga. Toka msiba sijamwona hivyo. "Nyinyi Wangindo mngekaa karibu na maji," akamjibu, "labda mngeoga."

Kamati mbavu hawana.

"Toka shambani, bibi. Kamati inataka kuweka nguzo ya bango."

"Sitoki."

"Utatoka na migomba yako kichwani!"

"Sitoki, Mngindo wewe. Waambie."

Vicheko! Shaaban akajichukulia mkungu wa ndizi, haki ya mtani, wakaondoka. Kamati imerudi na habari kwamba bibi kalipokea jambo vizuri sana. Ndivyo ilivyo: ukimkatalia mtani, huhesabiwi kuwa umekataa.

Mimi nilikuwa karibu na jiko. Aliposema "sitoki" ya pili, mwiko ulikuwa umesimama ndani ya sufuria. Wali ukaungua chini. Tumeula hivyo hivyo.

Jumapili, 14 Septemba

Bi Kadija kasema nami leo. Kasema "chumvi". Nikampa.

Jumanne, 16 Septemba

Nimemwambia Abdulatifu: mama kakataa.

"Kakataa lini?"

Ijumaa, mbele yenu.

"Ah, ule si utani, Fauzia?"

Nikasema kakataa mara mbili. Akasema basi utani mara mbili. Joyce akauliza utani ni kitu gani hasa. Abdulatifu akaanza kumweleza toka vita vya mababu na nani aliteka mbuzi wa nani, wakafika mbali sana, na jambo langu likabaki nyuma kama kandambili kwenye tope.

Wageni wa kuliona shamba la mfano wanakuja Jumamosi. Bango tayari: SHAMBA LA MFANO — LIMEACHWA KWA HIARI. Herufi nzuri. Sikusikia hasira. Nilisikia njaa kidogo.

Alhamisi, 18 Septemba

Shimo la nguzo ya bango limechimbwa. Waliopewa kazi ni wachimba visima, hawajui shimo dogo. Mchanga ukawa unaporomoka, nao wakawa wanapanua. Linafika kifuani. Migomba mitatu imeangushwa kupisha. Bi Kadija alipita akaitazama, akarudi nyumbani.

Jumamosi, 20 Septemba

Naandika huku huku shambani, nyuma ya ratiba ya wageni.

Walifika na magari mawili. Bi Kadija alikuwa amewatangulia. Yuko ndani ya shimo, amekaa, tasbihi mkononi.

"Shikamoo mama," kasema Abdulatifu. "Toka basi."

"Marahaba." Hakutoka.

Akaitwa Shaaban, mbio mbio. Akafika ukingoni mwa shimo, akachungulia. "Hapa sina utani," akasema, akaenda kusimama mbali na wenzake. Hapo ndipo kamati ilipoelewa ya Ijumaa. Mgeni mmoja akauliza kama bibi ni sehemu ya igizo. Joyce akasema wakapate pilau kwanza, ofisi ya kijiji. Mimi nikaachiwa kipaza sauti — wakirudi, niwe nimemtoa.

"Mama," nikaita. Kumbe kimewashwa! "Mama" ikaenda mpaka ng'ambo ya mto. Nikakizima.

"Umekuja na mita zako?"

"Unazijua."

"Nazijua. Mwaka mzima unajisomea hotuba yako, na ukuta wetu wa udongo hauzuii sauti. Ni kweli tupu. Mto utarudi." Akavuta punje za tasbihi. "Ukirudi uichukue migomba ya mwanangu wenyewe. Wao wasiing'oe. Niliwaambia sitoki. Ulikuwepo."

"Nilisikia."

"Ulisikia kama wao, au ulisikia?"

Nimekaa ukingoni, miguu inaning'inia ndani. Chini kule mchanga ni wa baridi, unyevu wa mto umefika mpaka hapa.

Vumbi barabarani. Wanarudi. Bi Kadija kanitazama mara moja, kavuta magoti kifuani, kajisogeza upande. Pamebaki nafasi ya mtu mmoja.