Siku Mama Alipotaja Jina

Kijiji cha Belhi Tola,
Wilaya ya Madhubani,
Bihar.
12 Desemba 2021

Mpendwa Shangazi Kumkum,

Shikamoo. Kwa kuwa Surat ni mbali, naigusa miguu yako kwa karatasi hii. Hujambo? Goti lako limepoa? Wadogo zangu wanasoma vizuri? Sisi sote wazima, na ng'ombe mweusi amezaa ndama jike.

Baba alikwambia kwa simu kwamba Mama ameshinda umukhiya, kwamba sasa ndiye mkuu wa kijiji, kisha salio likamwishia. Siwezi kukuachia mkia wa habari bila kichwa.

Unajua kwamba mukhiya wetu miaka yote alikuwa mke wa Baba Mkubwa Dinbandhu, binamu yenu, lakini kwa karatasi tu. Mihuri alikaa nayo Baba Mkubwa, na heshima zote akipewa yeye. Basi Mama alipochukua fomu ya kugombea, picha zake ukutani zilipakwa kinyesi cha ng'ombe. Kisha simu zikaanza, matusi ambayo kalamu yangu haiwezi kuyaandika. Mara ya mwisho sauti ilikuwa ya Baba Mkubwa mwenyewe, akasema njia ninayopita kwenda shule anaijua.

Siku hiyo Mama alisema atajitoa. Baba akamsihi kwanza aende polisi.

Kituoni ofisa alimuuliza nani aliyemtisha. Mama akavuta ushungi, akajibu kwamba ni kaka mkubwa wa mumewe. Ofisa akasema, "Mama, Bihar nzima ina makaka wakubwa. Mimi nataka jina." Nawe unajua mke wa hapa hathubutu kutaja jina la mumewe wala la kaka wa mumewe. Baba alikuwa shambani, nami nilikuwa shuleni. Mama akarudi na fomu ya malalamiko ikiwa tupu, na kijiji kizima kikacheka.

Siku ya wagombea kujieleza tulikusanyika uwanja wa shule yetu. Mkewe Baba Mkubwa, aliyekuwa anagombea tena, hakuja. Alikuja Baba Mkubwa, akasimama mahali pake. Akasema, "Shemeji analalamika kwamba anatukanwa. Haya, na amtaje huyo mtu mbele yetu." Alikuwa anatabasamu, Shangazi. Alijua.

Mama alisimama, akauvuta tena ushungi. Nilitamani kumtajia mimi, lakini nilijua neno hilo lisingekuwa lake.

Ndipo Bibi akajiinua kutoka kwenye mkeka wa wanawake. Akasema taratibu, "Mkwe wangu, mimi ndiye niliyekufunza kunyamaza. Leo nakufungulia. Mtaje."

Mama akarudisha ushungi nyuma. "Dinbandhu," akasema. "Dinbandhu, mwana wa Harihar, ndiye aliyemtishia mwanangu."

Kisha mama Tetri, yule muuza bangili, akatazama juu akauliza, "Mbona mbingu iko palepale?" Wanawake wakaangua kicheko. Mmoja akataja jina la shemeji yake, mwingine la mumewe, wakawa kama watoto wanaojifunza hesabu. Baba Mkubwa aliondoka bila viatu vyake.

Kesho yake ofisa aliijaza fomu ile ile, na simu zikakoma. Mama alishinda kwa tofauti ya kura sitini na moja. Msimamizi wa kura, kwa mazoea, alimvisha Baba shada la maua. Baba akalivua akamvisha Mama, akasema, "Mukhiya ni huyu. Mimi ni mumewe tu." Mihuri sasa iko ndani ya sanduku la Mama, pamoja na sari yake ya harusi.

Jambo moja nimekuwekea wewe. Jana tulikuwa tunamenya njegere na Bibi. Unakumbuka duka la mgao lilipotaka jina la Babu, Bibi alikuwa akinisukuma mimi nilitaje. Ghafla akaniangalia akasema, "Raghunandan." Akalirudia. Akacheka hadi njegere zikamwagika, kisha akafuta macho. Alisema alimwita Babu "Sikia wewe" kwa miaka hamsini na miwili, na pengine ndiyo sababu hakumsikia hata siku moja.

Bibi ameniagiza nikuandikie kwamba jina la baba yako lilikuwa tamu mdomoni mwake, nawe ujaribu la mumeo.

Msalimie yeye, pamoja na Ruchi na Pintu. Mungu akulinde wewe na goti lako.

Mimi mtoto wa kaka yako, nikupendaye kwa jina lako,
Swati