Beberu Mwenye Futi Shingoni

Kamembe, Jumapili asubuhi

Kwako Papa mpendwa,

Asalaam alaykum. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na upepo wa ziwa haukusumbui kifua. Msalimie sana Baba Mdogo na wote wa nyumbani kwake hapo Bukavu. Sisi huku tu wazima, alhamdulillah, ila nyumba imepooza. Mama bado anapika kwa kiasi alichozoea, halafu anawagawia majirani kwa hasira. Cherehani yako nimeifunika shuka. Wateja wanaleta vitambaa, wanauliza Mzee Twahiru anarudi lini, nami nawajibu kwamba uko kwa ndugu yako unapumzika. Nakuandikia kwa sababu simu yako umeizima, na sikulaumu.

Kwanza nifikishe ujumbe niliotumwa. Rafiki yako Mzee Sibomana, fundi anayetengeneza cherehani zenu, alikuja hapa juzi. Hakuingia. Alisimama kwenye veranda, kofia mkononi, mtu aliyekuwa akiingia kwetu hadi jikoni kujichotea chumvi. Aliniomba nikuandikie kwa niaba yake, maana macho yake hayashiki tena maandishi. Anakuomba radhi kwa magoti. Anasema amejichunguza mpaka amechoka, wala hakumbuki kumwambia mtu habari ile ya Idi, lakini mlikuwa wawili tu safarini, na yeye siku nyingine hunywa. Maneno yake ni haya: "Pombe iko mubaya, mwana yangu. Ni miye njo nilisemaka, nani mwingine?"

Na habari yenyewe, Papa, ilikuwa ndogo. Mlikwenda Bukavu, wewe kutafuta vitambaa, yeye kutafuta kipuri. Mkakuta huko mwezi umeonekana na watu wanasherehekea Idi. Baba Mdogo akakuketisha, ukala pilau ukashiba. Ukavuka mpaka kurudi, ukatukuta sisi bado tumefunga. Hapo hukukosea kitu. Kilichoharibika ni jioni msikitini, walipokuhurumia kwa safari na jua, wakakupa wewe tende ya kwanza, nawe ukaona haya kuwaambia umeshiba. Ukaipokea kwa mkono unaotetemeka kama mtu aliyezidiwa na njaa. Ulinisimulia mwenyewe wakati nakutungia uzi kwenye sindano, ukicheka mpaka miwani ikaanguka.

Katika zile katuni za kuchekesha za bosi wangu Protais, zinazozunguka kwenye simu za watu, kuna gazeti liitwalo Sikio la Mtaa. Mhariri wake ni bata asiyehakikisha chochote, na kila katuni inaanza na yeye akilinadi kwa kelele sokoni. Wiki ile bata alitangaza kwamba beberu mmoja amevuka mpaka na Idi tumboni, akapewa tende ya wanaofunga. Pichani beberu alivaa kanzu, na futi ya kupimia nguo inaning'inia shingoni. Nani katika Kamembe nzima anaswali na futi shingoni isipokuwa wewe? Kufika Ijumaa, bale batoto ba gare, pale kwenye kituo cha mabasi, walikuwa wanalia kama mbuzi kila ukipita. Ukaacha kwenda msikitini. Ukamwendea Sibomana kwenye kibanda chake, ukamwita nyoka mbele ya watu, ukamkataza kukanyaga kwako. Kisha ukaiacha Kamembe yenyewe.

Papa, hapa mkono unakuwa mzito. Sibomana hakusema neno. Ni mimi.

Wewe unajua mimi kwa Protais natafsiri tu maneno ya Kinyarwanda. Kumbe gazeti lile lote naliandika mimi, toka kichwa cha habari hadi matangazo ya chini. Protais alikuwa anangoja ukurasa, sikuwa na wazo hata moja, nikakumbuka ulivyocheka. Nikajiambia nitakufanya mbuzi, nani atajua. Hata ile futi ni mimi niliyemwambia mchoraji wetu aiongeze, kwa sababu siwezi kumfikiria mzee wa heshima asiye na futi shingoni. Ofisini walinipigia makofi, na nilifurahi. Hilo linanichoma hadi leo. Uliporudi nyumbani na hasira ukaniuliza nani amempelekea Protais habari zako, nilikuwa nakumiminia chai. Nikasema sijui. Ukasema najua si wewe, damu yangu haiwezi kunitenda hivyo. Nikakuongezea sukari.

Juzi pia nilipaswa kumwambia Mzee Sibomana palepale verandani. Nilifungua mdomo, nikajisikia namwambia sawa Mzee, nitakuandikia. Akanishukuru. Protais nimemwambia atafute mwandishi mwingine. Alipendekeza bata aombe radhi katika katuni ijayo, nikamkatalia, maana watu wangecheka upya. Siombi unisamehe haraka. Ukitaka kukaa bila kusema nami, nitanyamaza, ila rudi nyumbani. Msikitini nitawaambia mwenyewe kwamba ni mwanao aliyekuvua nguo.

Mama anakusalimu na anauliza kama pale wanakuwekea tangawizi kwenye chai. Majirani wote wanakusalimu, hata wale waliocheka.

Jambo la mwisho. Barua hii sikuituma kwa dereva wala mfanyabiashara. Mzee Sibomana alikataa, akasema radhi ya mtu hubebwa na mwenyewe. Ameivusha mpakani mfukoni mwake, akiamini ni maneno yake tu. Aliyekupa bahasha ni yeye, na kama namjua, hadi sasa yuko mlangoni, kofia mkononi, anakutazama usoni unavyosoma. Mimi nimeshindwa kumwambia. Tafadhali Papa, mpe kiti kwanza, kisha umsomee yote.

Ni mimi binti yako, niliyejaa aibu,

Zaituni