Ndizi za Ta Laurenti

Jumatatu, 3 Machi
Wodini tangu asubuhi. Bukoba mvua tu. Nimepewa Ma Koku, mama kutoka kijijini Ngenge. Kiharusi, mkono wa kulia haufanyi kazi. Nimempima nguvu na hisia, nikaandika lengo: avae blauzi mwenyewe. Mwalimu Adela, msimamizi wangu wa mafunzo ya tiba kazi, amesoma na kunirudishia.
"Hili ni lengo la nani?"
Nilichukua karatasi yangu. Aibu.

Jumatano, 5 Machi
Nimemuuliza mwenyewe. Amejibu kwa Kihaya, polepole, mdomo bado umepinda. Anataka kumenya ndizi. Mumewe, Ta Laurenti, haoni, na huwa hali kitoke, ndizi za kupikwa, cha mpishi mwingine. Blauzi atavalishwa na mkwe, haimsumbui.
Kumbe tiba kazi inaanzia hapo. Mimi nilianzia kwenye misuli.

Jumanne, 11 Machi
Seremala ametupigilia misumari kwenye kibao. Ndizi inachomekwa, mkono wa kushoto unamenya. Ya kwanza nusu ilienda na maganda. Baadaye zikakaa sawa. Ma Koku amecheka.
"Laurenti atasema kamenya mtoto."
Nimefurahi mno.

Alhamisi, 13 Machi
Ta Laurenti amefariki nyumbani alfajiri. Kato, mtoto wao, amekuja kutuomba tunyamaze mpaka wazike. Anaogopa presha ya mama itapanda. Ma Koku alikuwa ameshakaa mbele ya kibao, ananisubiri. Nilimchomekea ndizi. Sikuweza kumtazama usoni. Nimejichukia.
Mwalimu Adela aliposikia, alimwita Kato koridoni.
"Mwanafunzi wangu hatamfundisha mama kumpikia marehemu. Mwambie. Daktari atakuwepo."
Kato alimwambia. Ma Koku hakupiga kelele. Aliomba kitenge chake.

Ijumaa, 14 Machi
Wamemchukua kwenda kuzika. Kitanda kina mgonjwa mwingine. Nimelia chooni, nikanawa, nikarudi wodini.

Jumamosi, 22 Machi
Tumekwenda Ngenge kwa Ma Koku, mimi na Mwalimu Adela. Nilikuwa na mpango mpya wa mazoezi kwenye mkoba. Sikuutoa. Nilimuuliza Ma Koku leo angependa kufanya nini.
"Kufika kwa Laurenti."
Kaburi liko kibanjani, kwenye migomba nyuma ya nyumba. Tulimshika, mimi na Kato. Njia inateleza, tulipumzika mara nyingi. Alikaa chini, akang'oa majani kwa mkono wa kushoto. Alipochoka, aliunyanyua ule wa kulia kwa huo wa kushoto, akaulaza juu ya udongo.
Mkono haukuwa umekaa tunavyofundishwa kuuweka. Nikauacha hivyo hivyo.